Kozi Inayoanza na Sifuri

Katika vyuo vya jamii vya Texas, namba ya kozi inasema mengi. Ikianza na 1, hilo ni somo la mwaka wa kwanza. Ikianza na 2, la mwaka wa pili. Ikianza na 0, utalipa ada kama wenzako, utafanya mitihani kama wenzako, na muhula ukiisha hutapata krediti hata moja ya kukusogeza kwenye shahada. Hesabu zangu zilianza na 0. Nilisoma Houston, jioni, nikitoka zamu ya kuhudumia wazee, na Waswahili wenzangu wa mtaani walishalibatiza darasa langu ngumbaru, kama kisomo cha watu wazima, kabla sijanunua hata daftari.

Jina halikunikera. Kilichonikera ni dhana iliyokuwa nyuma yake, ambayo hata Wamarekani wengi wanayo, kwamba hisabati rekebishi, yaani kozi hizi za sifuri, zimeletwa juzijuzi kwa ajili ya wageni, watu weusi na waliochezea shule. Maktaba ya chuo ilikuwa na joto zuri wakati wa baridi, nami nilikuwa na saa moja ya kusubiri basi. Nikaanza kusoma historia ya darasa langu mwenyewe.

Waliotangulia kwenye ngumbaru hiyo ni watoto wa wakubwa. Hadi mwaka 1820 Harvard haikumdai aljebra mwombaji yeyote. Ulijifunza hukohuko ndani, ukishaingia. Chuo Kikuu cha Wisconsin kilipoanza kufundisha Februari 1849, wanafunzi wake 17 wa kwanza hawakuwa wa chuo kikuu hata kidogo. Walikuwa wa darasa la matayarisho, katika jengo la kuazima la shule ya wasichana, na aliyesimama mbele yao alikuwa John Sterling, profesa wa hisabati. Chuo kilikuwa na profesa kabla ya kupata mtu wa kufundishika. Hata mwaka 1907, zaidi ya nusu ya walioingia Harvard, Yale, Princeton na Columbia hawakuwa wametimiza masharti ya kuingilia ya vyuo hivyohivyo. Wakaingia, wakasaidiwa, wakawa mawakili na mabenki yakawaajiri. Hakuna aliyewaita wajinga, maana ada ilikuwa imeshalipwa.

Vyuo vya jamii vilikuja baadaye. Cha kwanza cha umma kilianza Joliet, Illinois, mwaka 1901, kikiwa na wanafunzi 6, pale mkuu wa shule ya sekondari ya mji huo, J. Stanley Brown, alipokubaliana na William Rainey Harper wa Chuo Kikuu cha Chicago kwamba miaka miwili ya mwanzo ya chuo inaweza kusomwa karibu na nyumbani. Wakati ule viliitwa vyuo vidogo. Harper, tuseme ukweli, hakuwa na huruma ya pekee kwa maskini. Alitaka chuo kikuu chake kipumzike na vijana wachanga, kibaki na utafiti. Kisha ikaja sheria ya 1944 ya kuwasomesha askari waliotoka vitani, na mwaka 1947 tume ya Rais Truman ikapendekeza kila eneo liwe na chuo cha namna hiyo, ikalieneza na jina la chuo cha jamii. Miaka ya 1960 vilifunguliwa mfululizo, kwa wastani wa karibu kimoja kila wiki. Mlango wazi kwa kila mwenye umri wa kutosha.

Hapo ndipo pana jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Mwaka 1960 mwanasosholojia Burton Clark alichapisha utafiti wake kuhusu chuo kimoja cha San Jose, California. Aliona kwamba chuo chenye mlango wazi kina kazi moja isiyotangazwa: kupooza matumaini ya watu taratibu. Huwezi kumwambia kijana uso kwa uso kwamba hatakuwa daktari, kwa kuwa umeshamwambia mlango uko wazi. Basi unampa mtihani wa kupangia kozi. Unampeleka hisabati rekebishi. Unamkalisha na mshauri wa masomo aliye na faili lake mkononi. Baada ya mihula miwili anaamua mwenyewe kwamba udaktari haumfai, na wala hamlaumu mtu. Niliposoma hayo nilikumbuka mshauri mmoja wa chuo changu, mpole mno, aliyeniuliza mara tatu kama nimewahi kufikiria kozi fupi ya kupokea wagonjwa mapokezi.

Inafaa kusimama kidogo kwenye mwaka 1970. Huko New York, baada ya wanafunzi weusi na wa Puerto Rico kuandamana mwaka uliotangulia, chuo kikuu cha jiji kilifungua milango kwa kila aliyemaliza sekondari mjini, na madarasa rekebishi yakafurika. Mwaka huohuo kwetu Tanzania Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu wazima wa mabara mawili, kwa sababu tofauti kabisa, walikuwa wamekaa kwenye madawati ya watoto wakijifunza kugawanya. New York ilikuja kuchoka: mwaka 1999 wakuu wake waliamua kuyaondoa madarasa hayo katika vyuo vya miaka minne na kuyaacha kwa vyuo vya jamii peke yao.

Texas ilichukua njia yake. Kuanzia 1989 kila aliyeingia chuo cha umma alipaswa kupimwa kusoma, kuandika na hesabu, na asiyefikia kiwango alipelekwa rekebishi. Nilipofika mimi, ngazi ya hesabu ilikuwa na vidato kadhaa: hesabu za msingi, aljebra ya mwanzo, aljebra ya kati, ndipo ufike kozi inayoanza na 1.  Swali mojawapo la mtihani lilitaka ubao wa futi 8 na inchi 4 ukatwe vipande vinne sawa. Mtu aliyesoma kwetu Same kwa mita na sentimita atajuaje kwamba futi ina inchi 12? Ukilijua hilo, ubao ni inchi 100, kila kipande 25, kazi imekwisha. Usipolijua, unaandikiwa kwamba hujui kugawanya.

Darasani nilimkuta baba mmoja wa Uvira aliyemaliza sekondari Kongo katika mchepuo wa hisabati na fizikia. Aliniambia, "Mama, hii hesabu nilisomaka nikiwa mtoto." Na kweli alimaliza zoezi kabla mwalimu hajageuka. Lakini aliandika 1 yake kwa mkia mrefu wa Kifaransa, msahihishaji akaisoma 7, na penye nukta ya desimali yeye aliweka mkato. Mtihani ulimpanga kidato cha chini kabisa, tulipokuwa sisi. Alikaa nasi wiki chache, akapata zamu za usiku kiwandani, hakurudi.

Mimi nilihitaji kuwa pale, na nalisema bila aibu. Hisabati ya kidato cha nne niliiacha na F, kama wengi wa darasa letu. Tulikaririshwa MAGAZIJUTO, kwamba mabano kwanza, kisha gawanya, zidisha, jumlisha, toa, na hadi leo naiamini kuliko sentensi ya Wamarekani ya kukariri mpangilio wa namna hiyo, ile ya kumwombea radhi shangazi yao Sally. Tulikaririshwa kutafuta KDS, kigawe kidogo cha shirika, kila tukiona sehemu zenye asili tofauti. Kwa nini tunaitafuta, hakuna aliyeuliza, na fimbo ilikuwa ukutani. Sasa mwalimu wetu wa Houston, mama wa Kimeksiko aliyestaafu ualimu wa sekondari, aliandika ubaoni nusu jumlisha theluthi akaniita mimi. Nikaandika 2/5. Hakufuta. Aliuliza tu: mbili ya tano na nusu, ipi kubwa? Nikafikiri. Nusu. "Kwa hiyo ulikuwa na nusu, nikakuongezea, ukabaki na pungufu?" Darasa likacheka, nami nikacheka, kisha akatupa vipande vya karatasi tukunje nusu, tukunje tena katika theluthi, hadi kila mmoja akahesabu kwa vidole visanduku sita na kuona kwamba nusu na theluthi ni vitano. KDS ilikuwa ndiyo ile mikunjo. Nilikuwa na umri wa kuwa na binti wa kidato cha nne.

Katika kusoma kwangu maktaba nilikutana na mtu wa kwetu, kwa namna fulani. Bob Moses, mzaliwa wa Harlem, yule aliyeandikisha watu weusi kupiga kura Mississippi mwanzoni mwa miaka ya 1960 huku akipigwa na kuwekwa ndani, alikuja Tanzania mwaka 1969 na kukaa hadi 1976. Alikuwa akifundisha hisabati. Wapi? Same. Barabara ileile ya vumbi na mkonge. Nimekulia pale na sikuwahi kumsikia mtu akimtaja. Aliporudi kwao, binti yake Maisha alifika darasa la nane katika shule ya Cambridge, Massachusetts, isiyofundisha aljebra. Baba akaenda kumfundisha yeye na wenzake wachache palepale darasani, na mwaka 1982 ikazaliwa Algebra Project. Hoja yake hadi alipofariki 2021 ilikuwa kwamba aljebra kwa mtoto maskini wa leo ni sawa na kura kwa babu yake: ukinyimwa, umewekwa nje ya nchi huku ukiishi ndani yake. Alitaka watoto wafike chuoni wakiwa na hesabu zao, wasije kukwama kwenye kozi za sifuri.

Na kukwama kwenyewe kulikuja kupimwa. Watafiti wa Columbia waliofuatilia wanafunzi zaidi ya 250,000 walieleza mwaka 2010 kwamba, kati ya waliopelekwa hisabati rekebishi, kama theluthi moja tu ndio waliomaliza ngazi yote. Wengi walioishia njiani hawakufeli somo lolote. Hawakujiandikisha kidato kilichofuata, basi. Baba wa Uvira hakufika hata hapo. Nilipiga hesabu nyuma ya risiti: watu 100, kila kidato wakifaulu na kurejea 70 katika 100, wanabaki 70, kisha 49, kisha 34. Hakuna kidato kibaya hapo. Ubaya ni wingi wa vidato, na kila kimoja kina ada, nauli na muhula mzima wa kuomba ruhusa kazini.

New York ikajaribu jambo lingine. Wanafunzi 907 wa vyuo vitatu vya jamii waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine kwenye aljebra rekebishi, wengine moja kwa moja kwenye takwimu ya kiwango cha chuo pamoja na saa za ziada za msaada. Waliofaulu takwimu walikuwa asilimia 56, waliofaulu aljebra 39. Florida ilishaondoa ulazima kwa vijana wengi mwaka 2013. California na Texas zilipitisha sheria zao 2017, na sasa mwanafunzi anaanza kozi yenye krediti papo hapo, akiwa na kipindi cha kumshikilia pembeni.

Nadhani wamefanya vyema, kwa sehemu kubwa. Uuguzi ninaoufanya leo unataka uwiano, desimali na asilimia, na unazitaka haraka, dozi ikiwa mkononi; sijakutana bado na mgonjwa aliyehitaji nimtatulie mlinganyo wa kwadratiki. Ila kipindi cha pembeni cha saa moja kingenitosha mimi? Hapana. Miaka ishirini bila kushika hesabu haiponyeki hivyo, na yule mama wa karatasi za kukunja alihitaji jioni nyingi nasi. Walioandika sheria walimfikiria kijana wa miaka 18.

Kwa hiyo wewe unayekwenda kujiandikisha chuo cha jamii mwaka huu, ukitakiwa kufanya mtihani wa kupangia kozi, usiuchukulie kama fomu ya kujaza. Omba karatasi za mazoezi wiki mbili kabla. Jifunze futi, inchi, pauni na galoni. Andika 1 yako iwe mstari mmoja ulionyooka. Kisha muulize mshauri wa masomo swali hili kabla hajakuuliza lake: shahada ninayoitaka inahitaji hesabu ipi hasa, aljebra au takwimu? Akijibu, mwambie akuandikie.