Hita za bafuni: Maji ya visima yahitaji kifaa chake

BARIDI ya Juni hadi Agosti inapobisha hodi jijini Nairobi, wakazi wa Umoja, Kayole na Donholm huanza kutafuta hita za kufungwa kwenye shawa. Muuzaji anayeijua kazi yake humwuliza mteja swali moja kabla ya kutaja bei: Maji ya nyumbani ni ya kawaida au ya chumvi?

Swali hilo si la kupuuzwa. Maji ya mfereji ya Nairobi, ambayo sehemu kubwa hutoka katika bwawa la Ndakaini lililokamilika 1994, yana madini machache. Hata hivyo, kutokana na mgao, majumba mengi ya ghorofa Eastlands hutegemea visima virefu ambavyo maji yake mara nyingi huwa na chumvi. Kadiri chumvi inavyozidi ndivyo maji yanavyopitisha umeme kwa wepesi. Katika hita ya maji ya kawaida, koili ya kupasha moto iko wazi na hugusana na maji. Yakipita yale ya chumvi, umeme huvuja na kumfuata anayeoga. Hita ya maji ya chumvi huwa na koili iliyofunikwa. Nyumba inayopokea maji ya aina zote mbili yafaa ifungwe hii ya pili, hata kama ni ghali zaidi.

Upande wa nyaya ndiko mzaha ulikozidi. Hita ya wati 5,500 kwenye umeme wa volti 240 huvuta takriban ampea 23. Waya wa taa hauwezi kubeba mzigo huo. Utachemka ndani ya ukuta hadi uungue. Hita yapasa kuwa na waya wake kutoka kisanduku cha umeme, wa milimita 6 za mraba, na kikata umeme cha ampea 32. Swichi iwekwe mbali na maji. Waya wa ardhini usiachwe kamwe, hata fundi akidai kwamba hita inawaka bila huo. Inawaka, naam, lakini umeme ukivuja hautakuwa na njia nyingine ila mwili wa mtu. Fundi awe na leseni ya mamlaka ya kawi, EPRA.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, maji baridi yaachwe yatiririke hadi chombo kijae. Vivyo hivyo kila mgao unapokwisha, kwani mabomba huwa na hewa na koili ikiwaka pakavu huungua papo hapo. Ikiwa tangi liko chini mno, presha haitatosha kusukuma kiwambo kinachowasha hita, na lawama hutupiwa kifaa kisicho na kosa.

Matundu ya shawa yakizibwa na magadi, umeme uzimwe kisandukuni, kifuniko kitolewe na kulowekwa katika siki usiku kucha.

Wapo wanaohisi mtekenyo wa umeme wakigusa bomba, nao huvaa ndara za mpira na kuendelea kuoga. Ndara hazizuii umeme kuvuja. Hita ya namna hiyo yapasa kuzimwa siku hiyo hiyo hadi fundi aikague.