Anasa ya Jana, Haja ya Leo

Muulize mtu yeyote wa mjini maana ya anasa. Atakutajia gari lenye kiyoyozi, nyumba ya ghorofa, safari ya Dubai. Majibu hayo si mabaya, lakini ni ya leo tu. Historia inatuambia kwamba anasa haikai mahali pamoja.

Tuanzie Kilwa. Ibn Battuta alipofika huko mwaka 1331, aliyetawala alikuwa Sultani Al-Hassan bin Sulaiman. Ndiye anayetajwa kuwa alijenga Husuni Kubwa, jumba ambalo magofu yake yapo hadi leo juu ya ukingo unaotazama bahari. Ndani yake kuna birika la kuogea lenye pembe nane. Maji ya birika hilo hayakupanda kilima yenyewe. Kulikuwa na watu wa kuyafikisha huko ili mtu mmoja aoge kwa raha. Katika miji hiyo ya pwani, matajiri walikula katika vyombo vya kaure kutoka China, na vingine vilipachikwa katika kuta na makaburi ili vionekane. Leo bakuli la China linauzwa chini, juu ya turubai, pale Kariakoo. Biashara na viwanda vimeliteremsha.

Lakini si kila anasa huteremshwa na bei. Unguja ya karne ya 19, viatu na kofia havikuwa mavazi tu. Mtumwa alitakiwa aende peku na kichwa wazi, hata kama angepata senti za kununua makubadhi. Hapo anasa haikuwa kitu chenyewe, ilikuwa ni amri ya kumzuia mwingine asiwe nacho. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, waliokuwa watumwa walinunua kanzu, kofia na viatu, na wanawake wakajifunga kanga. Wapo walioona huko ni kujitia makuu. La hasha! Watu wale walikuwa wakijitangaza kuwa ni watu.

Nami, kwa kuwa ugali wangu unatoka katika kipaza sauti, siwezi kuisahau redio. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, redio ilikuwa fahari ya sebule za wachache, na jirani alisikilizia dirishani. Zikaja redio ndogo za transista. Mwaka 1973 watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kampeni ya Mtu ni Afya, wakasikiliza redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kitu kilichokuwa pambo la sebule kikawa mwalimu wa usafi vijijini.

Televisheni nayo? Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara tuliambiwa nchi maskini haina haja na starehe hiyo, tukangoja hadi 1994. Simu ya mkononi ilipoingia miaka hiyohiyo ya 1990, mwenye nayo aliiweka juu ya meza ya baa kila mtu aione. Mwaka 2023 laini za simu nchini zilikuwa zimepita milioni 60, na mama lishe asiye na simu anakosa wateja.

Hadi hapo utasema mambo ni mazuri, kwamba kila anasa hatimaye hushuka na kumfikia mnyonge. Hapana. Ipo njia ya pili, nayo haisemwi sana: yapo mambo ya kawaida yanayopanda na kugeuka anasa.

Tazama maji. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alivuta maji ya chemchemi kwa mabomba kutoka nje ya mji, na watu wakayachota bila malipo. Mwaka 1971 serikali yetu ililenga kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji awe na maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka kwake. Mwaka ulifika, lengo halikufika. Leo mjini, mwenye nafasi ana kisima na tangi juu ya paa. Asiye na bomba hununua kwa dumu, na ukipiga hesabu kwa lita, yeye analipa zaidi kuliko mwenye bomba. Tumerudi kwenye birika la Kilwa, ila safari hii maji yanapanda kilima kwa pampu.

Tazama na ufukwe. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa bahari ziachwe. Hata hivyo, tembea pwani ya Dar es Salaam uhesabu kuta zinazokukata njia. Tazama kivuli cha mwembe, usingizi usio na kelele za spika, jioni ya kula na watoto kabla foleni haijaimaliza. Babu zetu walikuwa navyo hivyo bila kujua kwamba ni mali. Nina hofu kwamba wajukuu wetu watavitaja kama sisi tunavyotaja kiyoyozi.

Kwa hiyo tusihangaike sana na gari jipya la jirani. Litachakaa, na siku moja kijana wa gereji atalinunua kwa bei ya chee. Linalotakiwa kutushtua ni lile lililokuwa la wote likiwekewa geti. Maji ya Barghash yalifika mjini kwa sababu aliyekuwa na uwezo aliamua yafike. Viatu vilifika miguuni kwa sababu waliokatazwa hawakukubali kukatazwa tena. Anasa ya kesho itatokana na yale tunayoyanyamazia leo, mtaani kwetu na katika vikao vya mabaraza ya madiwani wetu.