Deki moja kwa muziki na video: jinsi ya kuitumia bila kumaliza betri

Katika nyumba nyingi za vijijini deki hukaa chini ya runinga ikisubiri Jumamosi jioni, watu wakusanyike waangalie filamu. Siku nyingine haiguswi. Ukitakiwa muziki hutumika simu, na simu ikiisha chaji mtu anatumwa dukani akanunue betri za redio. Wale wanaotumia deki kwa nyimbo nao huwasha na runinga, wakiamini kwamba bila runinga deki haitoi sauti. Mwenye umeme mdogo wa sola huijua hasara yake usiku: saa mbili taa zinaanza kufifia na mtoto hajamaliza kazi ya shule.

Ukweli ni kwamba deki haihitaji runinga ili ipige muziki. Inahitaji spika tu. Runinga ni ya picha, na ikiwa picha haitakiwi, inaweza kuzimwa kabisa.

Anzia nyuma, kwenye waya

Geuza deki uangalie mgongo wake. Utaona matundu matatu yenye rangi: njano, nyeupe na nyekundu. Njano hupeleka picha. Nyeupe ni sauti ya upande wa kushoto, nyekundu ni sauti ya kulia. Watu wengi huchomeka zote tatu kwenye runinga, na hapo ndipo sauti inapofungwa ndani ya runinga: ukiizima, na muziki umekwisha.

Iache njano palepale. Nyeupe na nyekundu zitoe kwenye runinga, uzichomeke kwenye sabufa au kwenye redio yenye tundu lililoandikwa AUX au LINE IN. Kuanzia hapo sauti zote, za nyimbo na za filamu, zitatoka kwenye sabufa. Ukitaka kuangalia filamu unawasha runinga. Ukitaka muziki unaiacha imezimwa. Huna haja ya kuhamisha waya tena.

Redio nyingi hazina matundu mawili ya rangi, zina kitundu kimoja kidogo kama cha hedifoni. Kwa hiyo dukani omba waya wenye vichwa viwili upande mmoja, nyeupe na nyekundu, na pini ndogo ya hedifoni upande wa pili. Ikiwa una amplifaya ya zamani yenye matundu mengi, usichomeke kwenye PHONO. Tundu hilo ni la santuri, nalo hukuza sauti kupita kiasi. Muziki wa deki ukipita humo hutoka umekwaruza.

Kuna mtego mmoja wa kuangalia. Deki nyingi zina matundu mawili mekundu. Moja liko karibu na nyeupe, ni la sauti. Jingine limepangwa pamoja na la kijani na la bluu, na hilo ni la picha kwa runinga za aina nyingine. Ukichomeka waya wa sauti kwenye lile la picha, spika ya upande mmoja itanguruma au itanyamaza, nawe utadhani spika imekufa.

Usiweke deki juu ya amplifaya, maana joto linapanda moja kwa moja kwenye tumbo lake. Na ikiwa runinga yako ni ya kichogo, isogeze mbali na spika kubwa, kwa sababu sumaku ya spika hutia madoa ya rangi kwenye kioo.

Hesabu ya betri

Kila kifaa kimeandikwa nyuma kinakula wati ngapi. Tuchukue mfano wa nyumba yenye betri ya gari au ya sola ya volti 12 na ampea 40. Zidisha 12 kwa 40 unapata 480, yaani wati 480 kwa muda wa saa moja. Lakini betri za aina hii hazipendi kukamuliwa mpaka mwisho. Ukitaka zidumu, tumia nusu tu. Kwa hiyo una 240.

Sema deki inakula wati 15, sabufa ndogo wati 20, na runinga ya kichogo ya inchi 14 wati 50. Jumla ni 85. Gawanya 240 kwa 85: unapata chini kidogo ya saa tatu. Sasa zima runinga. Imebaki 35, na betri ileile inakupa karibu saa saba. Hapo inveta bado haijachukua chake, nayo huchukua, hata wakati kifaa kinafanya kazi ndogo. Badilisha namba hizo kwa zile zilizoandikwa kwenye vifaa vyako uone ya nyumbani kwako.

Kuzima maana yake ni kuzima kwa kitufe cha kwenye runinga yenyewe, au kuchomoa. Ile taa nyekundu inayobaki ukizima kwa rimoti ni dalili kwamba bado inakunywa kidogo kidogo. Unaweza kupunguza zaidi kwa kucheza nyimbo kutoka kwenye flashi badala ya CD, kwa sababu mota ya kuzungusha diski inapumzika. Toa diski ndani kwanza, la sivyo deki nyingine huendelea kuizungusha bure.

Kuendesha deki bila kuona kioo

Hapa ndipo watu hukwama. Runinga imezimwa, huoni orodha, utajuaje uko wapi?

CD ya kawaida ya muziki haina shida: ukiitia, inaanza wimbo wa kwanza yenyewe. Inaingia dakika 74 hadi 80 tu, basi. CD iliyojazwa nyimbo za MP3 inabeba nyingi zaidi, mia moja na kuzidi, na deki nyingi huanza nazo zenyewe kwenye folda ya kwanza.

Flashi ina utaratibu wake. Mara nyingi unabonyeza kitufe kilichoandikwa USB kwenye rimoti, unasubiri, pengine unashuka kwa mshale, halafu OK. Fanya hivyo mara moja runinga ikiwa inawaka, hesabu umebonyeza nini na mara ngapi, kisha andika kwenye karatasi ubandike ubavuni mwa deki. Kesho yake bibi, au mtoto aliyetumwa kuwasha muziki, atafuata karatasi.

Kitufe cha REPEAT kina hatua kadhaa: kurudia wimbo mmoja, kurudia folda, kurudia zote. Ukisikia wimbo uleule mara ya nne, kibonyeze tena. Nyimbo zako zipe namba mwanzoni mwa jina, 01, 02, 03, ndipo zikae kwa mpangilio unaoutaka. Na kwaya za Jumapili ziwe na folda yake, taarabu na dansi yake; kuchanganya kwaya na dansi kwenye folda moja huleta maneno nyumbani.

DVD ya muziki nayo ina vituko. Unaitia, unasikia kipande kilekile kifupi cha ala kinajirudia bila mwimbaji. Diski haijaharibika. Imesimama kwenye ukurasa wa mwanzo inasubiri uchague. Bonyeza PLAY au OK, itaendelea.

Kwa nini wimbo unaopiga kwenye simu hukataliwa na deki

Wimbo ndani ya flashi ni faili, na faili zina aina. Simu yako inazielewa karibu zote. Deki ya bei nafuu inaelewa chache. Kwa muziki, MP3 ndiyo isiyo na maneno. M4A hukataliwa na deki nyingi. Sauti zilizorekodiwa kwenye WhatsApp ni za aina nyingine kabisa, kwa hiyo ukihamisha salamu za mzee kutoka kwenye simu kwenda kwenye flashi, usishangae deki ikikaa kimya.

Kwa video hali ni ngumu zaidi. Deki za kawaida husoma video za AVI na MPG, lakini video zinazopigwa kwa simu huwa MP4, na hizo deki nyingi huziruka au hutoa sauti bila picha. Unapokwenda kwa kijana wa kuweka nyimbo, usimwambie tu "niwekee." Mwambie: muziki uwe MP3, video ziwe AVI au MPG, kwa ajili ya deki. Akiwa na kompyuta yenye programu ya VLC, ambayo ni ya bure, anaweza kuzibadilisha. Flashi yenyewe iwe imefomatiwa kwa FAT32. Ikiwa imefomatiwa kwa NTFS au exFAT, deki nyingi zitasema hakuna kitu. Kufomati hufuta kila kilichomo, kwa hiyo vitu vihamishwe kwanza.

DVD za filamu zina kizuizi kingine: eneo. Tanzania, Kenya na Uganda ziko eneo la 5 pamoja na India, ndiyo maana DVD halisi za Kihindi hazina shida kwetu. Marekani ni eneo la 1, Uingereza na Oman ni la 2. Ndugu akikuletea DVD halisi kutoka Muscat, deki inayofuata masharti inaweza kuikataa ingawa ni mpya. Deki nyingine hazifuati masharti hayo. Picha ikitoka nyeusi na nyeupe, ingia kwenye mipangilio ya deki, kwenye TV SYSTEM, uweke AUTO au PAL.

Filamu ina muziki lakini watu hawasikiki

Muziki na milio unasikia vizuri, lakini midomo ya wahusika inacheza na maneno hayatoki, au yanatoka kwa mbali. Filamu nyingi za DVD zimerekodiwa kwa spika tano na sabufa, na maneno yamewekwa zaidi kwenye spika ya katikati. Wewe una mbili. Nenda kwenye mipangilio ya sauti, tafuta DOWNMIX, uchague STEREO. Maneno ya katikati yatagawiwa kulia na kushoto.

VCD za karaoke huleta kinyume chake: upande mmoja una mwimbaji, wa pili ala tupu. Kitufe cha L/R au AUDIO ndicho kinachochagua upande.

Na picha ikipotea ghafla huku sauti ikiendelea, muulize aliyekuwa na rimoti. Mara nyingi amegusa P-SCAN au V-MODE, na deki imehamishia picha kwenye yale matundu ya kijani, bluu na nyekundu. Toa diski, kisha bonyeza kitufe hicho mara moja moja, ukisubiri sekunde chache kila mara, mpaka picha irudi. Watu wamelipa mafundi kwa jambo hili.

Diski isiyo na nyingine dukani

Filamu ikikwaruzika utanunua nyingine. DVD ya harusi yako, au ya mazishi ya mzazi, haina nyingine. Wengi huogopa mikwaruzo ya upande unaong'aa wakasahau upande wa juu. Kwenye CD, muziki umeandikwa karibu kabisa na rangi ya juu, kwa hiyo kuikwaruza juu kwa ukucha au kuiandika kwa kalamu ngumu huua nyimbo moja kwa moja. DVD ni matabaka mawili ya plastiki yaliyogandishwa, kila moja nusu milimita na ushei, na kilichoandikwa kiko katikati. Ukiikunja wakati wa kuitoa kwenye kasha, matabaka huanza kuachana.

Pangusa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kama miali ya jua. Usizungushe. Mkwaruzo wa kuzunguka hufuata njia ya maandishi na hufuta mengi kwa pamoja, ule wa kukata njia deki huweza kuuruka. Diski zilizorekodiwa mtaani zimeandikwa kwenye rangi ambayo jua na joto huififisha, hivyo usiziache dirishani wala chini ya bati tupu. Ile ya harusi itoe nakala sasa, mbili, na moja ikae kwa ndugu.

Inasoma CD, haisomi DVD

Tatizo hili huwachanganya wengi, maana lenzi ni ileile. Lakini mwanga si uleule. DVD husomwa kwa leza nyekundu, CD kwa leza isiyoonekana kwa jicho. Moja inaweza kudhoofika nyingine ikabaki nzima. Kabla ya kukubali kununua lenzi mpya, mwombe fundi aisafishe kwanza, kwa sababu vumbi na moshi wa jikoni hutoa dalili zilezile. Usifungue deki ikiwa inawaka uchungulie lenzi: leza huumiza jicho hata pale ambapo huoni mwanga wowote.

Na hata leza zote mbili zikifa, tundu la flashi kwa kawaida linaendelea kufanya kazi. Deki ya namna hiyo haitasoma DVD tena, lakini kwa muziki bado ni nzima, kwa hiyo usimwachie mnunuzi wa vyuma chakavu kwa bei ya kutupa.

Mvua ikianza kunguruma, chomoa deki, runinga na sabufa, na waya wa antena pia.