Kurekebisha katiba: nchi yetu imepitia njia gani?

Washirika wengi wanatuuliza baada ya ibada: je, katiba inaweza kubadilishwa? Nani ana haki ya kuigusa? Ni vizuri kujua yaliyokwisha kutendeka.

Uhuru wa 1960 ulikuta nchi ikiwa na Sheria ya Msingi iliyopitishwa Ubelgiji. Katiba ya kwanza iliyopigiwa kura na wananchi ni ile ya Luluabourg, 1 Agosti 1964. Haikudumu. Mobutu alitwaa madaraka mwaka 1965, na katiba mpya ikatolewa tarehe 24 Juni 1967. Katiba hiyo iliruhusu vyama viwili. Marekebisho ya 1970 yalibakiza kimoja, MPR, na yale ya 1974 yakaweka mamlaka yote ya nchi chini ya chama hicho. Mwaka 1990 ilirekebishwa tena ili kurudisha vyama vingi. Karatasi ile ile ilifunga mlango na kuufungua, kadiri ya mapenzi ya mkubwa.

Baada ya vita, wananchi walipiga kura ya maoni mnamo Desemba 2005, na katiba ya sasa ilitangazwa tarehe 18 Februari 2006. Walioiandika hawakusahau yaliyopita. Kifungu cha 218 kinaruhusu Rais, serikali, nusu ya wajumbe wa Bunge au wa Seneti, au raia 100.000 kwa kutia sahihi, kupendekeza marekebisho. Kila baraza likikubali kwamba pendekezo lina msingi, wananchi hupiga kura ya maoni. Lakini kura hiyo haihitajiki kama mabaraza mawili yakiketi pamoja yanapitisha kwa theluthi... hapana, kwa tatu ya tano ya wajumbe.

Ndivyo ilivyokuwa Januari 2011. Vifungu 8 vilirekebishwa bila kura ya maoni. Duru ya pili ya uchaguzi wa Rais iliondolewa, na mwaka ule ule mshindi alitangazwa akiwa na kura zisizofikia nusu.

Kifungu cha 220 kinakataza kugusa mambo kadhaa: mfumo wa jamhuri, kura ya watu wote, idadi na urefu wa mihula ya Rais, uhuru wa mahakama, vyama vingi. Ndiyo maana wengine husema si kurekebisha tena, bali kuandika katiba mpya. Hayo ni mambo mawili tofauti. Rais alipozungumza Kisangani, Oktoba 2024, juu ya tume ya kuichunguza katiba, mjadala huo ulirudi kwa nguvu.

Kwetu mashariki, tusome hasa kifungu cha 219: hakuna marekebisho wakati wa vita au wa hali ya dharura. Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu 6 Mei 2021. Mtu aliyekimbia kijiji chake atapigia wapi kura ya maoni?

Kwa hiyo, ndugu, ukiletewa karatasi utie sahihi, uisome kwanza. Uliza: ni kifungu gani, na nani atafaidika?