Mbale na Swali la Maji ya Mishipa: Historia Fupi ya Mjadala wa Usalama wa Koloidi

Historia ya mjadala kuhusu usalama wa koloidi sanisi, yaani maji ya mishipa yaliyotengenezwa kwa jelatini au wanga, husimuliwa kana kwamba ni ya Ulaya peke yake. Makala haya yanadai kuwa Afrika Mashariki, Mbale ikiwemo, ilibadili swali lenyewe.

Swali la awali lilikuwa: maji yapi ni bora? Huko Kilifi, watafiti walilinganisha jelatini na albumini itokanayo na damu ya binadamu kwa watoto 88 wenye malaria kali. Matokeo ya mwaka 2006 yalionyesha vifo 7 kati ya watoto 44 waliopewa jelatini, na kifo 1 kati ya 44 waliopewa albumini. Idadi ilikuwa ndogo, lakini shaka ilikwisha kuingia.

Kati ya mwaka 2009 na 2011, jaribio la FEAST lilifanyika katika hospitali za Mbale, Soroti, Mulago, Lacor, Kilifi na Muheza. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu waligawanywa katika makundi matatu: albumini ya haraka, maji ya chumvi ya haraka, na maji ya polepole tu. Kundi la tatu liliwezekana kwa sababu katika hospitali hizo maji ya haraka hayakuwa desturi. Katika saa 48, vifo vilikuwa asilimia 10.6, 10.5 na 7.3 kwa mfuatano huo. Jaribio likasimamishwa. Aina ya maji haikuleta tofauti; haraka yenyewe ndiyo iliyodhuru. Watoto wenye kuhara na utapiamlo mkali hawakuhusishwa.

Ulaya nayo ilifikia uamuzi wake kuhusu wanga. Majaribio ya mwaka 2012 yalihusisha maji hayo na madhara ya figo, na mwaka 2022 Tume ya Ulaya ikasitisha idhini yake ya kuuzwa.

Hata hivyo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 uliendelea kupendekeza maji ya haraka. Marekebisho yalikuja mwaka 2016. Miaka mitano ilipita kati ya ushahidi na mwongozo. Washauri wa sera wanapaswa kuhoji kwa nini ushahidi uliotolewa na watoto wetu ulichelewa kuwarudia wenzao wodini.