Nambari Mbili, Mara Tano

Creedence Clearwater Revival walifika nambari mbili kwenye Billboard Hot 100 mara tano. Nambari moja hawakuiona hata wiki moja. Mara tano, bana!

Walikuwa wasee wanne wa El Cerrito, California: John Fogerty, kakake Tom, Stu Cook na Doug Clifford. Mwaka wa 1969 pekee walitoa albamu tatu. Hata leo, wakati mtu anaweza kurekodi chumbani kwake na laptopu, hiyo kasi ni noma. “Proud Mary” ikapanda hadi namba mbili. “Bad Moon Rising” ikaongoza chati Uingereza, lakini nyumbani ikazibwa na Henry Mancini na muziki wa filamu ya Romeo and Juliet. “Green River” ikakwama nyuma ya “Sugar, Sugar” ya The Archies, bendi ya katuni. Yaani walishindwa na watu wa kuchorwa. Mwaka wa 1970, “Travelin’ Band” ikawakuta Simon na Garfunkel, na “Lookin’ Out My Back Door” ikamkuta Diana Ross.

Mashabiki hupenda kuhadithiana hii kama mkosi. Lakini chati ilikuwa inapima wiki tu: nani ameuza, nani amechezwa redioni. Kilichomuumiza Fogerty kilikuwa kwenye karatasi nyingine, mkataba wao na Fantasy Records.

John ndiye aliyeandika karibu ngoma zao zote kubwa, ila haki za utunzi zilikuwa za kampuni. Ike na Tina Turner walipoifikisha “Proud Mary” namba nne mwaka wa 1971, mwenye haki alipata mgao wake, na mwenye haki hakuwa aliyeitunga. Tom akaondoka mwaka huohuo, na 1972 bendi ikavunjika. Ili atoke kwenye mkataba, John aliachia hadi malipo yake ya rekodi za Creedence. Kisha kwa miaka mingi akakataa kuziimba ngoma zake jukwaani.

Alirudi 1985 na “The Old Man Down the Road”. Fantasy wakamshtaki: eti inafanana na “Run Through the Jungle”. Hebu fikiria, unashtakiwa kwa kujiiga mwenyewe! Mahakamani John alishika gitaa akaonyesha jinsi anavyotunga, na baraza la wazee wa mahakama likamwamini. Suala la gharama za mawakili lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka wa 1994 ikaamua kwamba mshtakiwa akishinda kesi ya hakimiliki apimwe kwa kigezo kilekile cha mshtaki.

Wakati huo wote ngoma ziliendelea kuuza. Mkusanyiko wao wa 1976, Chronicle, umekaa kwenye chati ya albamu ya Billboard zaidi ya wiki 500. Zile ngoma zilizozibwa namba mbili zimo humo.

John alipata sehemu kubwa ya haki za utunzi wake Januari 2023, akiwa na miaka 77. Tom alikuwa ameshafariki, mwaka wa 1990.

Kwa hivyo msanii unayempenda akianza kutrendi, mpigie makofi, anastahili. Halafu muulize ngoma ni ya nani kwenye mkataba.