Kamba ya Begani Husema Nini?

Ukikuta kamba iliyosukwa kwenye gwanda kuukuu la jeshi la Ufaransa, usikimbilie kusema mwenyewe alikuwa shujaa. Anza na bega na rangi. Kama ilivaliwa bega la kushoto na ncha yake ina kipande cha chuma, huenda ni fourragère, ambayo vikosi vilianza kutunukiwa mwaka 1916.

Kijani yenye nyekundu ni rangi za nishani ya Croix de guerre ya vita vya 1914–1918. Manjano yenye kijani ni za Médaille militaire. Nyekundu ni ya Légion d'honneur.

Sasa hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Kamba hii ilipewa kikosi, siyo mtu. Kikosi kikitajwa kwa sifa mara mbili katika amri za jeshi, kilipata ya kwanza. Mara nne, ya pili. Mara sita, ya tatu. Askari aliyepigana mapigano yale aliruhusiwa kuivaa hata akihama. Aliyejiunga baadaye aliivaa akiwa kikosini tu.

Ndiyo maana hadi leo askari wa Marine wa Marekani, regimenti za 5 na 6, wanaivaa kwa mapigano ya 1918, likiwemo la Belleau Wood, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amezaliwa.

Basi kamba itakutajia kikosi cha babu. Kama alikuwepo siku yenyewe, hilo kaulize karatasi zake za jeshi.